Mashine Inang'ata

Mashine ilimng'ata kabla toroli la kwanza la zege halijafika juu. Iling'ata kidogo tu, mithili ya mdudu aliyeanzia kwenye ncha za vidole, akapita kiganjani mbio, akatokomea kwenye kiwiko. Mama Vaibreta aliiachia mota, akavua glavu na kuutazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Kisha akaigusa tena, safari hii kwa mgongo wa vidole. Ikamng'ata tena.

Jina hilo alipewa na mafundi wa pale kwenye jengo. Yeye ndiye aliyekuwa akishika vaibreta, ile mashine ya kulitetemesha zege mpaka mapovu yatoke na lishikamane na nondo. Ilikuwa na mota ya umeme inayokaa chini, ukubwa wa ndoo ndogo, na kutoka kwenye mota ulitoka mpira mrefu kama wa kumwagilia bustani. Ndani ya mpira kulikuwa na waya mnene wa chuma unaozunguka, na mwishoni kichwa cha chuma kinachochovywa kwenye zege. Wanaume wengi waliikimbia kazi ile kwa sababu ilitikisa mabega hadi usingizini. Yeye aliipenda. Alijua kwamba mpira haukunjwi kwa nguvu, kwamba kichwa hakiachwi kikipiga kelele hewani, na kwamba mota haiburutwi kwa kuvuta mpira wake. Alijua pia kwamba mashine nzima haing'ati.

Akashuka ngazi za mbao kumtafuta msimamizi.

Msimamizi alikuwa mumewe. Tangu alipopandishwa cheo walikubaliana kwamba ndani ya uzio wa jengo hakuna mume wala mke. Yeye atamwita Bosi kama wenzake, na mume atamwita kwa jina la kazi. Nyumbani walilicheka sana jambo hilo. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, ndiye peke yake ambaye hakucheka. Aliona ni aibu mwanawe kumtuma mkewe mbele za watu, na aibu zaidi mke kurudi nyumbani na saruji kwenye nyusi kama mwanamume.

"Bosi," alisema, "vaibreta inang'ata."

"Inang'ata nini?"

"Inanipiga shoti. Kwenye mwili wa mota."

Mumewe hakumgeukia. Alikuwa akiutazama mdomo wa mikseri, uliokuwa umeanza kutapika zege. Siku ile ilikuwa ya kumwaga slabu, sakafu ya ghorofa, na siku ya slabu kila mtu huwa roho juu. Zege likianza kumwagwa halisimami mpaka lifike ukutani. Likikaukia katikati, hapo ndipo patakapopasuka baadaye. Mkandarasi, ambaye wote walimwita Tajiri, alikuwa njiani akija na mwenye jengo.

"Glavu zako zimelowa," mumewe alisema. "Vaa nyingine juu yake."

"Zitalowaje na sijaanza kazi?"

"Basi ni baridi ya asubuhi, inakusisimua." Akacheka peke yake. "Mama Vaibreta, toroli lile linapanda. Panda nalo."

Alipanda. Lakini badala ya kuishika mashine, alizima soketi, akaichomoa plagi, akaomba bisibisi kwa fundi wa nondo na kuchuchumaa pembeni. Skrubu za plagi zilitoka kirahisi, kama zilizofunguliwa karibuni. Ndani zilipaswa kuwepo nyaya tatu. Mbili zilikaa mahali pake. Wa tatu, ule wa kijani, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa nyuma na kufungwa kwa utepe mweusi ili usionekane.

Fundi umeme aliyewawekea soketi zile aliwahi kumweleza kazi ya waya wa kijani. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye mwili wa mashine, waya ule ndio unaoupeleka ardhini, na breka inaruka na kuukata. Ukiukata, umeme uliopotea unabaki palepale kwenye chuma ukimsubiri mtu.

Kivuli kiliangukia mikono yake. Mumewe alikuwa amepanda.

"Funga hiyo plagi," alisema kwa sauti ya chini.

"Waya wa ethi umekatwa."

"Najua." Akatazama nyuma yake. "Niliukata mimi, Jumamosi. Breka ilikuwa inaruka kila tukiwasha. Tungeshinda hapo mpaka leo."

"Ilikuwa inaruka kwa sababu mota inavujisha!"

"Inavujisha kidogo. Ni kazi ya leo tu. Kesho namwita fundi umeme, haki ya Mungu. Nimeshamwambia Tajiri kila kitu kiko sawa, unataka niseme nini sasa?"

Mama Vaibreta alimtazama usoni. "Asubuhi, wakati unanikabidhi, ulikuwa unajua?"

"Shusha sauti," mumewe alisema.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Mama Vaibreta alilipokea akiwa bado amechuchumaa, bisibisi mkononi. Akaiweka plagi chini, wazi vilevile.

"Siishiki."

"Unasemaje?"

"Nimesema siishiki, Bosi."

Watu walikuwa wameanza kutega masikio. Wa toroli alisimama na toroli lake, wa koleo akaegemea koleo. Mumewe aliwaona, na mwanamke yule akaiona sura ya mumewe ikibadilika, ikawa sura ya mtu anayehutubia wengine.

"Kama umechoka, nenda nyumbani ukalale!" alifoka. "Hapa hatubembelezani! Kazi haijui mke wa mtu!"

"Bosi, leo utalala sebuleni," wa toroli alisema, na kicheko kikapita kwenye slabu nzima.

Mama Vaibreta angeweza kuwaambia palepale. Maneno yalikuwa mdomoni, machache na mepesi: waya umekatwa, na aliyeukata ni huyu hapa. Lakini kuyasema kungekuwa kumvua nguo mbele ya watu anaowaamrisha, na watu hao wasingesahau. Akayameza. Baadaye ndipo alipoona alichokimeza.

Aliyejitokeza ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi mwashi waliyemwita Chapchap kwa sababu alifanya kila kitu kama anayekimbiza gari. Alikuja huku akijifuta mikono kwenye suruali iliyolowa hadi magotini.

"Shemeji, nipe mimi. Wewe pumzika, mkagombane nyumbani."

"Usiishike, shemeji. Inang'ata kweli, sikutanii."

"Mimi nimeng'atwa na mbwa, nikang'atwa na nyuki, na mama mwenye nyumba wangu ananing'ata kila mwezi. Niko hapa." Akamgeukia kaka yake. "Kaka, nishike?"

Msimamizi alilitazama zege lililomwagwa likianza kutulia vibaya kati ya nondo. Akatazama getini.

"Shika," alisema. Kisha, alipokwisha kugeuka, akaongeza, "Vaa buti."

Chapchap akajifungia plagi mwenyewe, akaichomeka. Mashine ikaunguruma.

*

Mama Vaibreta hakwenda nyumbani. Aliokota kipande cha nondo, akaanza kulishindilia zege kwa mkono kwenye kona iliyokuwa karibu na soketi. Hakujiambia kwa nini amechagua kona ile. Alichoma nondo, akaitoa, akachoma, macho yake yakiwa kwenye mgongo wa shemeji yake.

Chapchap alikuwa na nguvu na hakuwa na subira. Alichovya kichwa cha mashine, akakitoa kabla mapovu hayajaisha, akaruka mbele. Buti alivaa, lakini buti zilijaa maji ya saruji. Mpira ulipomfikisha mwisho, aliuvuta tu, na mota ikamfuata juu ya mbao ikiruka-ruka.

"Usiiburute!" Mama Vaibreta alipiga kelele. "Mtu aibebe!"

"Mpaka mtu aje, zege limekuwa jiwe!"

Akavuta tena. Mota ikateleza kwenye ukingo wa ubao, ikatua upande upande kwenye dimbwi la uji wa saruji. Chapchap akasonya, akapiga magoti juu ya nondo, akanyoosha mkono kuinyanyua.

Mkono ulishika, haukuachia.

Hakupiga ukelele. Ilimtoka sauti fupi kama ya mtu anayetaka kupiga chafya, kisha meno yakaumana, shingo ikakakamaa, na macho yake yakabaki yakimtazama kaka yake. Mashine iliendelea kuunguruma. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyeelewa; wa toroli hata alicheka, akidhani ni mzaha wake mwingine.

Msimamizi alielewa kabla ya wote. Alikimbia juu ya nondo mikono mbele, akiita jina la mdogo wake, jina la utotoni ambalo pale hakuna aliyelijua.

"Usimguse!" Mama Vaibreta alisema. "Usimguse, utakufa naye!"

Naye mwenyewe akakimbia upande mwingine. Waliomwona walidhani anatoroka. Alijikwaa kwenye nondo, akachubuka goti, akaifikia soketi kwa mikono miwili na kuing'oa plagi kwa nguvu hata akaanguka chali. Kiganja cha mumewe kilipotua begani kwa mdogo wake, umeme ulikuwa umeshakatika.

Ikabaki sauti ya mikseri tu. Chapchap alilala kifudifudi juu ya zege bichi. Walimgeuza. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Wa toroli, ambaye aliwahi kuwa mlinzi na huko akafundishwa huduma ya kwanza, alipiga magoti ubavuni pake, akakandamiza kifua, akakandamiza, huku akimtukana ili aamke. Mama Vaibreta alikishika kichwa cha shemeji yake na kumfuta saruji puani. Hatimaye Chapchap alikohoa. Kikohozi kile kilimfanya msimamizi akae chini kama gunia lililokatwa kamba.

Tajiri aliingia wakati wanamshusha. Alikuwa amevaa kofia ngumu mpya, na mwenye jengo alikuwa nyuma yake akikwepa tope. Alimtazama mgonjwa, akalitazama zege lililosimama, akauliza, "Nani mwenye mashine hii?"

Kila mtu alimtazama msimamizi.

"Ni mama huyu," mumewe alisema. "Aliiacha, kijana akaichukua."

Ndani ya maneno yale hakukuwa na neno hata moja la uongo. Mama Vaibreta aliyasikia vizuri, hasa lile la *mama huyu*, kama vile ni mtu aliyepita barabarani akaomba maji.

"Wewe mama," Tajiri alisema, "kesho usije."

Mama Vaibreta akapanda nyuma ya pikapu na shemeji yake, akampakata kichwa. Mumewe alibaki kumaliza slabu. Gari lilipokuwa linatoka, aliwaona mafundi wakilishindilia zege kwa nondo na vipande vya mbao, na mumewe katikati yao, akiinama na kuinuka, bila kuinua macho.

*

Hospitalini, daktari alisema wamlaze Chapchap mpaka kesho ili wausikilize moyo. Kiganja kilikuwa kimeungua katikati, kidonda kidogo cha mviringo chenye kingo nyeupe. Wakamfungia bendeji, wakamwekea waya kifuani.

Mama mkwe alifika kabla ya saa ya kuona wagonjwa, akagombana na askari wa mlangoni mpaka akaachiwa apite. Alimshika mwanawe miguu, akaipapasa kama anayehesabu vidole. Kisha akamgeukia mkwewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo.

"Inuka."

Mama Vaibreta akainuka.

"Nimesikia yote," mama mkwe alisema akikaa. "Nimeambiwa njiani. Kazi ni yako, umeikataa kwa kiburi, umemwachia mwanangu. Ulikuwa unamwonyesha nani ukali? Mumeo? Sasa angalia ulichokionyesha."

"Mama, niliwaambia inang'ata."

"Na kwa nini hukubaki nayo wewe uliyeizoea? Kila siku nasikia kule hakuna anayeijua kama wewe. Leo ndiyo umesahau?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kuzungumza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimmenyea mumewe chungwa alisimamisha kisu ili asikie vizuri. Mama Vaibreta alisimama pembeni ya dirisha, nguo zake zimekakamaa kwa saruji, goti linamwuma, akajikuta anauficha mkono wake nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mama, mwache," Chapchap alisema kwa sauti iliyokauka. "Shemeji, nani alizima?"

"Mimi."

"Nilikuona unakimbia. Nikasema, haya, ndiyo naachwa."

Alijaribu kucheka, kicheko kikamshinda.

Mumewe aliingia jioni, bado na buti za kazini, mkononi amebeba maji na mkate. Aliviweka kwenye kabati la chuma, akasimama upande wa pili wa kitanda. Alimsalimia mama yake. Alimsalimia mdogo wake, akamuuliza anajisikiaje. Alimruka mkewe, naye mkewe hakushangaa.

"Nilikuwa namwambia mkeo," mama mkwe alisema, "kama hataki kazi, akae nyumbani. Wewe mwenyewe mwambie, maana mimi naonekana mkorofi. Mwambie."

Mume aliushika ukingo wa kitanda. Alikuwa anangoja, na Mama Vaibreta alielewa anachokingoja. Alikuwa anangoja yeye anyamaze tena. Na lilikuwa jambo rahisi. Alishalifanya asubuhi, na watu waliopo sasa walikuwa wachache zaidi. Angenyamaza, lawama ingemkalia wiki mbili tatu, kisha ingezoeleka kama harufu ya chumba. Akamtazama Chapchap na waya wake kifuani.

"Mwambie mama ulichokikata," alisema.

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tunakaa na mama huyuhuyu. Mwambie hapa."

"Kukata nini?" mama mkwe aliuliza. "Nani amekata nini?"

Mumewe alizungumza na bendeji ya mdogo wake. "Kuna waya wa usalama kwenye plagi. Ulikuwa unafanya umeme ukatike kila mara. Niliutoa, ili kazi iende."

"Uliutoa lini?" Chapchap aliuliza.

"Jumamosi."

"Kwa hiyo nilipokuuliza nishike, ulikuwa unajua."

"Nilijua inang'ata kidogo. Sikujua kama…" Akausogeza mkate kabatini. "Nilikwambia uvae buti."

Chapchap aligeuza kichwa, akautazama ukuta. Alipogeuka tena hakumtazama kaka yake. Alimtazama shemeji yake.

"Asubuhi ulipangiwa wewe," alisema taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ambayo haitaki kukubali. "Hii ilikuwa yako, shemeji. Alikupangia wewe."

Yule mwanamke wa chungwa alianza kumenya upya. Mama mkwe alimtazama mwanawe mkubwa kutoka kwenye buti hadi kichwani, kama anayemtafuta ndani yake mtu aliyekuwa akimfahamu.

"Tajiri wako anajua?" aliuliza.

"Hajui."

"Alimfukuza nani?"

Mumewe alimtazama mkewe.

"Nenda," mama mkwe alisema. "Nenda sasa hivi kamwambie."

"Mama, nitafukuzwa. Tutakula nini?"

"Mimi nimekaa hapa mchana kutwa nikimtukana mtu aliyewazimia wanangu wawili umeme. Usiniulize habari ya kula. Nenda."

Alikwenda. Walizisikia buti zake zikipungua sauti kwenye korido. Mama mkwe hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, na mkwewe hakungoja. Baada ya muda alisogea kwenye ukingo wa kiti, akabaki amekaa kwa upande mmoja tu wa kalio, na sehemu iliyobaki akaipigapiga kwa kiganja bila kumtazama mtu. Mama Vaibreta alikaa. Walibanana hivyo, bega kwa bega, mpaka muuguzi alipokuja kuwaambia muda umekwisha.

*

Tajiri hakumfukuza msimamizi. Alimvua usimamizi mbele ya mafundi wote na kumrudisha kwenye uashi, kwenye ukuta wa choo cha walinzi, ambako kila anayepita angemwona. Mumewe alieleza hayo nyumbani, kichwa kimeinama juu ya sahani, na hakuna aliyemwambia pole. Chapchap, aliyekuwa ametoka hospitali na kujilaza sebuleni, alikula akamaliza, akamsogezea kaka yake chumvi kwa mkono mzima. Hayo ndiyo yote yaliyopita kati yao siku hiyo.

Siku chache baadaye wa toroli alikuja mlangoni na ujumbe. Slabu ilikuwa imetoka na mashimo mashimo upande ule walioushindilia kwa mkono, na mwenye jengo alikuwa amekuja juu. Nguzo za ghorofa ya pili zilikuwa zinangojea zege. Tajiri anasema Mama Vaibreta arudi.

"Mwambie nimesikia," alijibu. "Lakini fundi umeme awepo, aipime mashine nikiwa nimesimama palepale. Na plagi nitaifungua mwenyewe, kila asubuhi. Akikataa, asinipotezee nauli."

Wa toroli alikwenda na jibu, akarudi na jingine: Tajiri amekubali, na amesema mwanamke yule ana kichwa kigumu.

Asubuhi ya kurudi kazini mumewe alikuwa tayari amevaa. Zamani walitoka pamoja, wakaachana hatua chache kabla ya geti ili Bosi aingie kwanza. Sasa alisimama mlangoni na kimfuko chenye mwiko na kamba ya timazi, hajui kama atangulie au angoje. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kibao, anafunga kamba za buti. Goti lake lilikuwa limeshapona ila kovu. Kutoka sebuleni sauti ya Chapchap ilikuwa ikimsimulia mama yake jambo, na mama akimwambia apunguze maneno ale.

"Mke wangu," mumewe alisema. "Hujaniambia neno."

"Nimekuambia mengi. Nimekuambia maji yamechemka, nimekuambia shati lako liko kwenye kamba."

"Unajua ninachokiulizia." Akahamisha kimfuko kwenye mkono mwingine. "Nilisema moyoni, ni wewe, utaiweza, wewe huwa una mkono mwangalifu. Ndivyo nilivyosema. Nimekaa nalo hilo, silali. Utanisamehe?"

Aliikaza kamba ya buti ya kulia, akaifunga fundo mara mbili, akasimama. Alimwona vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile: macho mekundu, ndevu zimeachwa, mwanamume ambaye angemjua hata gizani kwa kupumua kwake tu. Alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa karibu, na lingekuwa la kweli nusu.

"Sasa hivi naenda kushika mashine," alisema. "Hilo tutaliongea nikirudi mzima."

Mumewe akasogea mlangoni kumpisha. Mkewe ndiye aliyetangulia.